Zinki, alumini au magnesi? Kuchagua anodi ya kulinda propela na mashine ya boti

Mwaka mmoja baada ya boti yetu ya faiba kupakiwa kwenye lori kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, tuliipandisha nchi kavu tuikague. Kile kibonge cha madini kilicho chini ya mashine, karibu na propela, yaani anodi inayofungwa ili iliwe badala ya mashine, kilikuwa kizima kabisa. Kimefunikwa na utando mweupe mgumu kama chokaa iliyokauka ukutani, lakini hakikupungua hata kidogo. Kaka yangu akafurahi. "Maji ya huku hayana chumvi," akasema, "zinki itatukalia miaka." Nilipopangusa mguu wa mashine, rangi ilibanduka kwa mabaka, na chini yake alumini ilikuwa na vishimo ambavyo ncha ya kalamu ingeingia. Zinki haikuisha kwa sababu haikufanya kazi. Kilicholiwa badala yake ni mashine.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue anodi gani, namuuliza kwanza: chombo chako kinaelea maji ya wapi? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko bei na kuliko kile alichofunga jirani yako bandarini.

Sehemu ya shida imo kwenye neno lenyewe. Bara na pwani tumezoea kuita kila kibonge cha aina hii "zinki", hata kikiwa cha alumini. Ukiingia dukani ukaomba zinki ya mashine ya nguvu farasi 40, utapewa kilichopo kwenye rafu chenye umbo linaloingia, na pengine muuzaji mwenyewe hajui kimetengenezwa na nini. Dalili ya haraka ni uzito. Ujazo ule ule wa zinki ni mzito zaidi ya mara mbili na nusu kuliko wa alumini, na magnesi ni nyepesi kuliko zote mbili. Kishike mkononi kabla ya kulipa.

Kwa nini tunahitaji kafara

Metali mbili tofauti zikigusana na zote zikawa ndani ya maji yale yale, zinakuwa betri. Umeme mdogo unapita kati yao, na ile iliyo dhaifu zaidi inayeyuka taratibu. Tazama sehemu ya chini ya boti ya kawaida: mguu wa mashine ni alumini, shafti ni stenlesi, propela huenda ni shaba ya manjano, bolti za usukani ni chuma. Hiyo ni betri iliyo tayari, inasubiri maji tu.

Anodi ni metali ya tatu tunayoiongeza kwa makusudi, iliyo tayari kuliwa kuliko zote. Inatolewa kafara ili nyingine zibaki. Utayari huo hupimwa kwa volti. Katika maji ya bahari, kwa kipimo cha rejea kilichotengenezwa kwa madini ya fedha, chuma huwa karibu na −0.6, zinki karibu −1.03, alumini ya anodi karibu −1.1, na magnesi −1.5 au chini zaidi. Namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri ndivyo metali inavyojitoa zaidi kwa ajili ya wenzake.

Ukiishia hapo utadhani magnesi ndiyo bora kwa kila mtu. Sivyo, na sababu ziko kwenye vigezo.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni maji. Umeme wa anodi unasafiri ndani ya maji, na maji hayafanani. Bahari ya Hindi hupitisha umeme kwa kiasi cha maikrosimensi 50,000 kwa sentimita. Ziwa Victoria ni karibu 100 tu. Kati ya hapo ziko nyingine: Nyasa karibu 250, Tanganyika karibu 650, na Turkana, ambalo maji yake yana magadi, hupita 3,000. Kwa hiyo mtu wa Kigoma na mtu wa Musoma wote wanasema "maji baridi", lakini ya Kigoma yanapitisha umeme mara sita hivi kuliko ya Musoma.

Cha pili ni kile unacholinda, na kile kinachokizunguka. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo vyombo vyetu vingi vinapoharibiwa na watu wenye nia njema.

Anodi inapofanya kazi, ile metali inayolindwa hutoa alkali kwenye maji yaliyo jirani nayo. Kwenye faiba haidhuru. Kwenye ubao, alkali hiyo hula kile kinachoshikilia nyuzi za mti. Ulinzi ukizidi, utaona kitu cheupe kama unga kimejikusanya kuzunguka bolti au bomba la shafti, na ukichokoza kwa bisibisi mbao inaingia kama muhogo uliooza. Mwenye mashua anaona bolti inang'aa anafurahi, kumbe mbao inayoishika imekwisha. Ndiyo maana kwa vyombo vya mbao mafundi wa nchi zenye vipimo hukubali kiwango chembamba sana cha ulinzi, kati ya milivolti −550 na −600, wakati chuma hutaka −800 au chini zaidi. Mbao ya mvule hainunuliwi kirahisi siku hizi. Usiifunge anodi nne pale ambapo moja ingetosha.

Alumini nayo ina hatari yake. Haipendi tindikali na haipendi alkali, hivyo bodi ya alumini ikilindwa kupita kiasi inaweza kuliwa na ulinzi wenyewe.

Cha tatu ni muda. Watu hulinganisha anodi kwa kilo, na hapo hesabu hupotosha, kwa sababu nafasi kwenye mashine yako ni moja na umbo ni lile lile. Kwa hesabu ya kiwandani, kilo moja ya zinki hutoa takriban ampea-saa 780 za umeme, ya alumini ya anodi takriban 2,500, na ya magnesi takriban 1,200. Ukigeuza iwe ujazo, yaani kibonge chenye ukubwa mmoja, alumini hudumu zaidi ya zinki kwa karibu moja ya tano, na magnesi haifiki hata nusu ya zinki.

Cha nne ni upatikanaji, na kinachotokea ukikosea. Kuna makosa yanayokugharimu anodi tu, na kuna makosa yanayokugharimu mashine.

Zinki

*Maji yanayoifaa.* Bahari, basi. Ndiko ilikozaliwa na ndiko ilikothibitishwa kwa miaka mingi. Kwenye maji ya chumvi hujimenya yenyewe kadiri inavyoliwa, hivyo uso wake hubaki wazi na kazi inaendelea. Kwenye maji ya ziwa hujivika ule utando niliouona Mwanza, kisha inalala. Mbaya zaidi, ukiirudisha baharini haiamki yenyewe. Mpaka uikwangue au uitupe.

*Inacholinda vizuri.* Chuma, stenlesi, bronzi, shaba ya manjano, na mguu wa alumini wa mashine iliyo baharini. Kwa chombo cha mbao chenye mashine ya ndani, naiona ina faida moja: msukumo wake ni wa wastani, hivyo ni vigumu kidogo kuzidisha ulinzi kuliko ukitumia hizo nyingine mbili.

*Muda na matunzo.* Inaliwa kwa usawa, na unaweza kusoma afya ya chombo kwenye uso wake. Ikiisha nusu ndani ya miezi michache wakati mwaka jana ilikaa mwaka mzima, kuna waya unaovujisha umeme mahali fulani.

*Upatikanaji na ukikosea.* Ndiyo inayopatikana kwa wingi kwenye miji ya pwani. Tatizo ni zile zinazoyeyushwa mtaani kwa madini ya kuokota. Kiwango kinachotumiwa na wanajeshi wa majini wa Marekani kinaruhusu chuma kisichozidi asilimia 0.005 ndani ya zinki ya anodi. Kikizidi, anodi hujifunika na kuacha kazi hata baharini. Jiko la kuyeyushia vyuma mchanganyiko haliwezi kukupa usafi huo, hata fundi awe hodari vipi. Zinki ya anodi pia huwekwa kadimiamu kidogo, ambayo ni sumu. Kwa mtu anayefunga chombo mwaka mzima karibu na mahali watu wanapookota chaza, hilo nalo la kufikiria.

*Inamfaa nani.* Anayekaa baharini siku zote na haendi mtoni.

Alumini

Kwanza tuondoe dhana moja. Alumini ya anodi haifanani na alumini ya sufuria. Alumini ya kawaida hujifunika na ngozi nyembamba isiyoonekana, na ngozi hiyo ndiyo inayoifanya isiliwe. Ili iwe kafara, kiwandani huchanganywa na zinki karibu asilimia 5 na chembe za indiamu, kama asilimia 0.02 hivi, ambazo huizuia ngozi isijijenge. Nimeshaletewa kibonge kilichoyeyushwa kutoka kwenye sufuria kuukuu, kizuri kwa macho, na mwenyewe ana imani nacho. Kilikaa chini ya boti bila kufanya lolote.

*Maji yanayoifaa.* Bahari na maji ya mchanganyiko. Hii ndiyo nguvu yake kubwa. Fikiria delta ya Rufiji, mdomo wa Pangani au wa Tana: wakati wa kiangazi maji ya bahari hupanda mtoni, na masika yakipiga, mto husukuma maji matamu mpaka nje. Chombo kimefungwa pale pale, lakini kimebadilishiwa maji. Zinki ikipitia msimu huo hujivika utando na kubaki hivyo. Alumini ikirudi kwenye chumvi huendelea na kazi. Kwenye ziwa lenye maji mepesi sana kama Victoria hufanya kazi kwa kusuasua, ila bado ni afadhali kuliko zinki.

*Inacholinda vizuri.* Karibu vyote, na hasa mguu wa alumini wa mashine za nje na bodi za alumini. Msukumo wake unaizidi zinki kidogo tu, kwa hiyo hatari ya kuzidisha ipo lakini ni ndogo. Kwenye mbao, punguza ukubwa.

*Muda na matunzo.* Ile moja ya tano ya ziada niliyoitaja. Tena ni nyepesi, jambo ambalo kwa mashine ya 15 halina maana, lakini kwa boti ya chuma inayobeba vibonge kumi lina maana sana. Usishtuke ikiliwa kwa mabonde na vilima, ndivyo inavyoliwa.

*Upatikanaji na ukikosea.* Watengenezaji wengi wa mashine za nje siku hizi huuza anodi za alumini, kwa hiyo huenda tayari unayo bila kujua. Ukikosea kuiweka ziwani, hasara inakuja polepole na unapata muda wa kuiona. Haina kadimiamu.

*Inamfaa nani.* Mvuvi wa delta, boti ya watalii inayoingia mikoko na kutoka, na yeyote asiye na uhakika na maji yake.

Magnesi

*Maji yanayoifaa.* Maji baridi tu. Kwa kuwa maji ya ziwa yanazuia umeme, anodi yenye msukumo mdogo haifiki mbali. Inalinda sentimita chache kuizunguka, kwingine kunaachwa. Magnesi ina nguvu ya kusukuma umeme wake ndani ya maji kama ya Victoria hadi ukafika kwenye propela na ncha ya mguu.

*Inacholinda vizuri.* Ziwani, chuma na mguu wa alumini wa mashine. Baharini hairuhusiwi kabisa karibu na alumini wala mbao. Nguvu ile inayosaidia ziwani, kwenye chumvi inageuka: rangi inavimba na kubanduka kwa malengelenge, alkali inazidi, na kibonge chenyewe kinaweza kumalizika ndani ya wiki chache.

*Muda na matunzo.* Mfupi, na lazima ulikubali hilo tangu mwanzo. Ikague kila baada ya miezi miwili au mitatu. Ikiwa imeliwa, usinung'unike. Ndiyo kazi uliyoinunulia.

*Upatikanaji.* Hapa ndipo watu wa maziwani tunapoumia. Maduka mengi ya vipuri huletewa mzigo uliopangwa kwa ajili ya pwani, na anodi za magnesi huwa ni za kuagiza. Agiza mbili kwa mpigo, moja uifunge, nyingine uiweke mahali pakavu.

*Inamfaa nani.* Chombo kinachoishi Victoria, Kyoga au mtoni juu, na ambacho hakitagusa bahari.

Njia ya nne: umeme wa kusukumwa

Vivuko vikubwa na meli hazitegemei vibonge pekee. Hufungwa fito za titaniamu zilizopakwa metali isiyoliwa, zikapewa umeme kutoka kwenye betri au jenereta, na kifaa kingine kikawa kinapima volti ya bodi ndani ya maji na kuongeza au kupunguza umeme. Faida yake ni kwamba maji yakibadilika, mfumo unajirekebisha wenyewe, na hakuna kibonge cha kubadilisha kila mwaka. Inafaa bodi kubwa ya chuma iliyo na umeme saa zote na fundi anayejua kusoma kipimo.

Kwa mvuvi anayebeba betri kwenda nayo nyumbani jioni, haifai. Betri ikitoka, ulinzi umetoka. Na nyaya zikiunganishwa kinyume, chanya mahali pa hasi, bodi yenyewe ndiyo inakuwa kafara, na italiwa kwa kasi ambayo kutu ya kawaida haiwezi kuifikia.

Yanayozihusu zote

Unaweza kuchagua madini sahihi na bado ukapoteza mashine, kwa sababu ya jinsi ulivyofunga.

Anodi lazima iguse metali inayolindwa, chuma kwa chuma, bila rangi, bila gundi, bila kutu katikati. Piga brashi ya waya pande zote mbili mpaka zing'ae ndipo ukaze bolti. Kisha chukua kipima umeme cha bei nafuu, kiweke kwenye omu, gusa anodi kwa waya mmoja na propela kwa mwingine. Isome karibu na sifuri. Ikipita omu moja, fungua usafishe upya. Kipimo hiki cha dakika mbili kimenionyesha makosa mengi kuliko kitu kingine chochote.

Usipake anodi rangi. Najua inaonekana mbaya baada ya kupaka mwili mzima, lakini anodi iliyopakwa ni jiwe. Usichanganye aina mbili kwenye chombo kimoja: ukiweka zinki na alumini, alumini itaanza kuilinda zinki na itaisha mapema kwa kazi isiyo yake. Ibadilishe ikifika nusu. Usingoje ibaki bolti.

Anodi hulinda kile tu kilichozama pamoja nayo. Ukiinua mashine ikakaa hewani, au ukiibeba nyumbani begani kama wafanyavyo wengi kwenye fukwe zetu, saa hizo hailindi chochote, na chumvi iliyobaki kwenye njia za maji ndani ya mashine inaendelea kula. Suuza kwa maji matamu. Mashine ya aina hii hufa ikianzia ndani kabla ya kufa kwa nje.

Chunguza ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapojikusanya. Waya wa pampu ya kutolea maji ukichubuka na kulala kwenye maji ya ngama, umeme wa betri unapita moja kwa moja kwenye bolti na shafti. Hapo hakuna anodi itakayokuokoa. Metali inaweza kutoboka ndani ya siku chache. Anodi mpya ikitoweka ghafla, nenda kwenye nyaya kwanza, usikimbilie dukani.

Na rangi ya kuzuia magugu: zile zenye shaba ndani yake usizipake kwenye mguu wa alumini. Umeileta betri mwenyewe.

Shaba ina kisa chake. Mwaka 1824 mwanasayansi Mwingereza Humphry Davy alitaka kulinda mabati ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli za kivita. Akafunga vipande vya chuma kama kafara, na mojawapo ya meli alizojaribia ni HMS Samarang. Shaba ikaacha kuliwa, kama alivyotabiri. Lakini magugu na kome wakaanza kuota juu yake, kwa sababu kule kuyeyuka kidogo kidogo kwa shaba ndiko kulikokuwa kunawafukuza. Meli zikawa nzito mwendoni. Metali nyingine kazi yake ni kuliwa kiasi, na ukiilinda sana umeizuia kazi hiyo.

Mwisho wa haya, kumbuka kwamba kinga ya mwanzo ni kufunika. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916, waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Rangi nzuri isiyo na mikwaruzo inapunguza eneo ambalo anodi inatakiwa kulilinda, na kibonge kile kile kinadumu zaidi.

Kwa hali yako

Una boti ya faiba yenye mashine ya nje, unavua baharini, hupandi mtoni: zinki au alumini, zote zitakufaa. Chagua ile unayoweza kuipata tena baada ya mwaka bila kuhangaika, na ubaki na aina hiyo hiyo. Kama mashine ilikuja na alumini, usirudi kwenye zinki kwa mazoea tu.

Chombo chako kinalala mdomoni mwa mto, au kwenye mikoko ambako masika hubadilisha maji: alumini. Sina wasiwasi na hili.

Mashua au jahazi la mbao lenye mashine ya ndani na propela ya bronzi: zinki moja ya bangili inayokumbatia shafti, ukiacha nafasi maji yapite kuelekea kwenye beringi ya mpira. Usiunganishe kwa waya bolti ambazo hazigusi propela wala shafti. Ziache peke yake. Kila bamvua chombo kinapokaa mchangani, chokoza mbao kuzunguka bomba la shafti. Ukiona unga mweupe, anodi ni kubwa mno. Ukiona propela ya shaba ya manjano inageuka rangi ya waridi, ulinzi ni mdogo mno, kwa kuwa zinki iliyo ndani ya shaba hiyo inatoka na kuiacha laini kama biskuti.

Uko Mwanza, Bukoba, Kisumu au Entebbe: magnesi. Ikikosekana, funga alumini huku ukisubiri, na uikwangue kila mwezi. Zinki iache.

Uko Tanganyika au Nyasa: maji haya yako katikati. Kwa bodi ya chuma ningeenda na magnesi. Kwa mashine ndogo yenye mguu wa alumini, anza na alumini, ikague baada ya miezi mitatu. Ikiwa imeliwa kidogo na mguu ni msafi, endelea nayo. Ikiwa haijaguswa huku rangi ya mguu inabanduka, hamia magnesi.

Turkana: alumini, kwa sababu maji yale yanakaribia zaidi ya mchanganyiko kuliko ya ziwa la kawaida.

Boti ya chuma kubwa yenye jenereta inayowaka kila siku: piga hesabu ya mfumo wa umeme, ila weka na vibonge vichache vya akiba karibu na propela kwa siku ambazo umeme umezimwa.

Na chombo kinachohamishwa kwa lori kati ya ziwa na bahari, kama cha kwetu: badilisha anodi kabla ya kukishusha majini, kila safari. Baada ya yale ya Mwanza tulifunga magnesi, na ndani ya kifuniko cha mashine kaka yangu ameandika kwa wino usiofutika, herufi kubwa: MAGNESI. ITOLEWE KABLA YA KUGUSA BAHARI.